Nani Aliulizwa? Habari za Wavuvi wa Ziwa Edouard na Petroli



Ijumaa moja ya Kwaresima tulialikwa kula kwa mzee mmoja wa parokia yetu. Mama mwenye nyumba akaleta ugali na samaki aliyekaushwa kwa moshi. Kabla ya kunawa, mzee akamtazama samaki yule, akasema: «Mwalimu, samaki huyu ametoka Vitshumbi. Ilibakia kidogo tumkose kabisa. Ninyi mliosoma seminari, mbona hamtuandikii habari hiyo? Vijana wetu wameona filamu, lakini hawajui mambo yalivyoanza.» Tuliona haya kidogo, maana mzee alisema kweli. Basi leo twalipa deni.

Habari yenyewe ni ya watu wa Ziwa Edouard, na jinsi walivyokataa petroli itafutwe na kuchimbwa katika ziwa lao, tangu mwaka 2010 mpaka 2015. Wengi wadhani ni habari ya Wazungu wapendao wanyama. Sivyo hata kidogo. Ni habari ya wavuvi na wauza samaki, watu waliokuwa na ugomvi wa miaka mingi na parke yenyewe. Mbona basi walisimama upande wa parke siku ile? Hilo ndilo swali letu. Na ili tulijibu vema, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Ziwa na majina yake

Ziwa Edouard liko kaskazini ya Goma, mpakani mwa Kongo na Uganda. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 2,300, na sehemu ya Kongo yapita theluthi mbili. Maji huingia kwa mito ya Rutshuru na Rwindi, tena kwa mito mingine itokayo upande wa Ruwenzori na Uganda. Lakini hutoka kwa mto mmoja tu, ndio Semliki. Semliki huyachukua mpaka Ziwa Albert, na kutoka huko yaenda katika mto Nili. Tafadhali shikeni neno hilo, maana tutalirudia: maji yapitayo mbele ya mitumbwi ya Vitshumbi huenda njia moja na maji ya Misri.

Mzungu Stanley alipopita huko mwaka 1889 alilipa ziwa jina la mtoto wa malkia wa Uingereza. Mwaka 1973 likaitwa kwa jina la Idi Amin, rais wa Uganda. Amin alipoanguka mwaka 1979, jina la kwanza likarudi. Mara zote tatu jina lilitoka kwa wakubwa. Je, waliokaa pwani ya ziwa waliulizwa? Hawakuulizwa. Mtasema: jina ni kitu kidogo. Kweli. Lakini tazameni mambo makubwa yaliyofuata, mtaona ni desturi ile ile.

Bula Matari na parke

Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme Albert wa Ubelgiji aliweka parke ya kwanza katika Afrika nzima. Kwanza ilikuwa ya kulinda sokwe wakubwa wa milima ya moto. Halafu, mwaka 1929 na tena mwaka 1935, mipaka ikapanuliwa, ikashika mbuga za Rwindi na pwani ya ziwa, ikafika mpaka bonde la Semliki.

Nyakati zile ugonjwa wa malale uliua watu wengi katika mabonde hayo. Bula Matari akahamisha vijiji ili kuwaokoa watu, na hatuwezi kusema kwamba sababu hiyo ilikuwa ya uongo. Lakini ugonjwa ulipopungua, wenyeji hawakurudishiwa nchi yao yote. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kutiwa ndani ya parke. Madai juu ya mashamba, juu ya kuni na juu ya uvuvi yalidumu miaka mingi, na mengine yadumu mpaka leo.

Baadaye serikali iliruhusu vijiji vitatu vya wavuvi pwani ya ziwa upande wa Kongo: Vitshumbi kusini, Nyakakoma mashariki, na Kyavinyonge kaskazini, karibu na pale Semliki inapotoka. Hesabu ya mitumbwi iliwekwa, nyavu zikapimwa, samaki wakauzwa kwa njia ya ushirika. Hivyo wavuvi walipata ruhusa ya kuishi, lakini waliishi kama mgeni aishivyo katika nyumba ya mtu mwingine.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, parke ilibaki. Mwaka 1969 ikapata jina la Virunga. Mwaka 1979 shirika la UNESCO likaihesabu katika urithi wa dunia. Mwaka 1994 ikaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita na wakimbizi wengi sana. Mwaka 1996 iliandikwa pia katika mapatano ya Ramsar, yaani mapatano ya mataifa ya kulinda maziwa, mabwawa na nchi za majimaji. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 7,800.

Haya ni majina ya heshima. Lakini mkulima wa Rutshuru au wa Lubero aliona nini? Aliona mpaka. Akiuvuka kutafuta makala, alikamatwa. Tembo akivuka upande wake na kula mihogo, mara nyingi hakupata malipo. Hatuandiki hivi ili kuwatukana walinzi wa parke. Zaidi ya walinzi 200 wameuawa kazini tangu vita vya miaka ya 1990. Na hao walikuwa watoto wa nchi hii, wenye wake na watoto. Twaandika hivi ili mjue kwamba kati ya watu na parke hapakuwa na urafiki mkubwa.

Kiboko na samaki

Hata hivyo ziwa lenyewe lilikuwa na mafundisho yake, nayo ni mepesi kufahamu.

Kiboko hula majani usiku katika nchi kavu. Mchana hukaa majini, na humo hutupa mavi yake. Mavi hayo ni mbolea. Mbolea hulisha majani madogo mno ya majini, ambayo jicho haliyaoni moja moja. Majani hayo hulisha tilapia. Tilapia humlisha mtu, na humlipia mtoto wake shule. Basi mahali penye viboko wengi, wavu hutoka mzito.

Katika miaka ya 1970 parke ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, wengi kuliko mahali pengine popote katika dunia. Halafu vikaja vita. Askari wa kila namna waliwapiga viboko kwa nyama na meno. Walipohesabiwa mwaka 2005 hawakufika 1,000. Na samaki je? Samaki walipungua pia. Hatusemi kwamba kiboko peke yake ndiyo sababu. Watu walikuwa wameongezeka sana, mitumbwi ya wizi ilikuwa mingi, na nyavu zenye matundu madogo zilizoa hata watoto wa samaki. Lakini wazee wa uvuvi walitambua jambo ambalo adhabu haikuweza kuwafundisha: ziwa ni kitu kimoja, ukiharibu upande mmoja, upande wa pili walia.

Watu waliokwisha kufundishwa hivyo na njaa yao wenyewe, ndio waliosikia habari ya petroli.

Petroli yaja

Mwaka 2006 petroli nyingi iligunduliwa upande wa Uganda, karibu na Ziwa Albert. Bonde ni lile lile moja liendalo kusini mpaka Ziwa Edouard. Basi makampuni yakaanza kutazama upande wetu. Mwaka huo huo serikali ya Kongo ilifanya mkataba na kampuni ya Uingereza iitwayo SOCO, juu ya eneo lililoitwa Bloc V. Na mwezi wa Juni 2010 mkataba ukathibitishwa kwa amri ya rais. Zaidi ya nusu ya eneo hilo ilikuwa ndani ya parke ya Virunga, pamoja na maji ya ziwa. Kampuni nyingine, Total ya Ufaransa, ilipata eneo la kaskazini lililogusa parke pia. Lakini mwaka 2013 Total iliahidi kwamba haitaingia ndani ya mipaka yake.

Mkataba wa Bloc V ulifanywa na wakubwa, mbali na ziwa. Kwa mara nyingine tena tuulize: wavuvi waliulizwa? Ndugu wapenzi, jibu mwalijua.

Sheria ya nchi ya mwaka 1969 ilikuwa imekataza kazi za kuharibu ardhi katika parke. Kongo pia ilikuwa imetia sahihi mapatano ya urithi wa dunia, na UNESCO ilisema wazi kwamba kuchimba petroli hakupatani na urithi huo. Kwa hiyo mwezi wa Machi 2011 waziri wa mazingira aliikataa hati ya kampuni juu ya madhara ya kazi hiyo, na serikali ikasimamisha mambo kwanza. Lakini hazikupita siku nyingi, ruhusa ya kupima ikatolewa tena.

Tuwe na haki kwa pande zote. Kampuni ilisema maneno yake: kwamba serikali ndiyo iliyoiita, kwamba nchi ni maskini na ina haki ya kujua mali iliyo chini ya ardhi yake, kwamba inatafuta tu, haijachimba bado, kwamba haitaingia kamwe mahali wanapokaa sokwe. Neno hilo la mwisho liliwatuliza watu wengi wa Ulaya. Lakini mvuvi wa Vitshumbi halali njaa kwa ajili ya sokwe. Shida yake ilikuwa maji.

Maneno mawili katika kijiji kimoja

Msidhani kwamba wenyeji wote walikuwa na neno moja. Wengine walitaka petroli, na hawakuwa watu wabaya.

Fikirini kijana wa Nyakakoma. Hana shamba, maana pande zote ni parke. Hana mtumbwi, maana hesabu ya mitumbwi imejaa. Barabara ni mbovu, umeme hakuna, askari na waasi humdai kodi kila mmoja kwa zamu. Akisikia kwamba kampuni itatoa kazi, barabara, shule na dawa, je, atakataa? Wakubwa kadha wa kadha wa mahali pale walikubali. Wakasema: «Parke imetupa nini miaka yote hii?» Swali hilo lilikuwa la haki, na aliyetaka kuitetea parke ilimpasa kulijibu.

Upande wa pili walikuwako kamati za wavuvi, na mashirika ya raia ya Goma, Rutshuru na Butembo. Nao walikuwa na maswali yao. Waliuliza: kazi hizo ni ngapi, na ni za muda gani? Kijana asiyesoma ufundi atapata kazi gani, isipokuwa kukata majani na kulinda lango? Petroli ya Muanda, upande wa bahari, yachimbwa tangu miaka ya 1970. Je, wanakijiji wa Muanda wamekuwa matajiri? Na bomba likipasuka ndani ya maji, nani ataliziba, na samaki watauzwa kwa nani?

Walitoa mfano wa Nigeria. Huko, katika nchi ya Waogoni, petroli ilimwagika miaka mingi katika mito na mabwawa ya mikoko. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa hesabu yake: kuisafisha nchi ile kabisa kutahitaji miaka 25 mpaka 30. Tena hiyo ni nchi iliyo karibu na bahari. Ziwa Edouard limezungukwa na nchi, na mlango wake wa kutokea ni mmoja. Uchafu wake ungekaa mezani kwetu, na kilichotoka kingeshuka na Semliki kwa watu wengine, mpaka Nili.

Basi kumbukeni ule ugomvi wa zamani. Parke ilimnyima mvuvi vitu vingi, lakini ilimwachia ziwa. Petroli ilitishia kuondoa na hilo. Ndiyo sababu mtu aliyenung'unikia parke toka utoto wake alisema sasa: afadhali mpaka ninaoujua, kuliko bomba nisilolijua.

Taabu zao

Kusema hivyo hakukuwa kitu chepesi. Nchi ilikuwa ya vita. Waasi wa M23 walishika Rutshuru tangu mwaka 2012 mpaka mwisho wa mwaka 2013, na vikundi vingine vingi vilikuwa porini. Mahali penye silaha nyingi, mtu aulizaye maswali huonekana upesi kuwa adui.

Mwezi wa Septemba 2013 mlinzi mmoja mkubwa wa parke, Rodrigue Katembo, alijaribu kusimamisha ujenzi wa mnara wa simu ndani ya parke. Alikamatwa, akafungwa siku 17 na kuteswa. Alipotoka, alirudi kazini. Mwaka 2017 alipewa huko Marekani tuzo la Goldman, ambalo hupewa watu waliotetea mazingira ya kwao.

Tarehe 15 Aprili 2014 mkubwa wa parke, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi na watu wenye silaha, katika barabara itokayo Goma kwenda Rumangabo. Siku ile ile alikuwa ametoka kupeleka kwa mwendesha mashtaka wa Goma hati juu ya mambo ya petroli. Mungu alimponya. Kampuni ilikana kabisa kuhusika, nasi hatumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Lakini mwaweza kufahamu hofu iliyowashika watu wa pwani. Mwezi wa Juni mwaka huo shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba watu waliopinga petroli walitishwa, wengine walikamatwa, wengine walipigwa.

Katika siku hizo hizo mashua za kupima ziliingia ziwani. Kazi yao ni hii: hupeleka mawimbi ya sauti kwenda chini ya maji, mawimbi hupenya mpaka kwenye mwamba, yakarudi, na vyombo husikiliza yarudivyo, kama daktari agongavyo mgongo wa mgonjwa. Hivyo wajuzi hukisia kama kuna petroli. Kazi ilianza mwisho wa Aprili 2014, ikamalizika mwezi wa Julai.

Hata hivyo watu hawakunyamaza. Kamati za wavuvi ziliandika barua. Raia walikutana. Walieleza habari za ziwa kwa lugha ambayo kila mtu aifahamu, yaani kwa hesabu ya samaki, si kwa hesabu ya wanyama wa kutazamwa na watalii.

Kampuni yaondoka

Sauti hiyo ilifika mbali. Mwezi wa Oktoba 2013 shirika la WWF liliishtaki kampuni huko Uingereza, mbele ya ofisi iangaliayo kanuni za makampuni ya nchi tajiri. Watu zaidi ya 700,000 wa nchi nyingi waliweka majina yao kuomba ziwa liachwe. Tarehe 11 Juni 2014 kampuni na WWF walitoa tangazo pamoja: kampuni itamaliza upimaji wake, lakini haitachimba kisima katika Virunga, isipokuwa UNESCO na serikali ya Kongo wakubaliane kwamba kazi hiyo haiharibu urithi wa dunia. Mwezi wa Novemba mwaka huo filamu yenye jina la Virunga ikaonyeshwa duniani kote.

Mwaka 2015 Kanisa la Uingereza, la ndugu zetu Waanglikana, liliuza hisa zake zote katika kampuni ile. Lilisema halikuridhika na mwenendo wake katika jambo hili. Tunalitaja kwa sababu ni fundisho: hata fedha za kanisa huweza kuwa ndani ya jambo ambalo kanisa halikulifikiri, na ni vema kuzitazama. Kabla ya mwaka ule kwisha, kampuni ilikuwa imeacha Bloc V.

Wengine husema: «Tazameni, Wazungu wameokoa ziwa.» Twajibu: msaada wao ulikuwa mkubwa, wala hatuufichi. Lakini aliyeko London angejuaje jambo la Vitshumbi, kama mtu wa Vitshumbi asingelisema kwanza, tena kwa hatari ya maisha yake? Mwangwi husikika mlimani, lakini kuna mtu aliyepiga kelele bondeni.

Mambo hayakwisha

Sasa, je, hadithi imekwisha kwa furaha? Tungependa kuandika hivyo, lakini habari za kweli hazina mwisho mwepesi.

Mwaka 2018 serikali ilifikiri kuondoa sehemu za parke za Virunga na Salonga ili petroli itafutwe. Mwezi wa Julai 2022 ilitangaza mnada wa maeneo 30, yaani 27 ya petroli na 3 ya gesi, na mengine yaligusa Virunga tena. Mwezi wa Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Mwaona basi: mlango uliofungwa waweza kufunguliwa tena kwa mkono ule ule ulioufunga.

Tena vita vilirudi Rutshuru mwisho wa mwaka 2021, na mwaka 2024 vikafika hata Vitshumbi. Watu wengi wamekimbia. Mvuvi aliyelikinga ziwa lake na petroli amekuta mashua za watu wenye bunduki. Na lipo jambo jingine la kuaibisha, nalo ni letu sisi wenyewe: nyavu haramu hazikukoma. Twaweza kuikataa kampuni kwa sauti kubwa, kisha usiku tukavua watoto wa samaki. Ziwa halijui kama aliyeliharibu ni mgeni au mwenyeji.

Na lile swali la vijana, «Parke imetupa nini?», limejibiwa? Kwa sehemu tu. Mwaka 2013 umeme ulianza kutoka Mutwanga, chini ya Ruwenzori, na kwa nguvu hiyo pakajengwa kiwanda cha sabuni itokayo kwa mafuta ya ngazi za wakulima. Mwezi wa Desemba 2015 mtambo mkubwa zaidi ulifunguliwa Matebe, katika mto Rutshuru, wa megawati zaidi ya 13. Maji hupita katika mtambo, hugeuza magurudumu, kisha hurudi mtoni kuendelea na safari yake kwenda ziwani. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba watu wa huko hukataa kila kiwanda. Wanachokataa ni kile ambacho faida yake ni ya wachache na uchafu wake ni wa wote. Lakini umeme huo haujafika kila kijiji, na vijana wasio na kazi bado ni wengi. Mpaka wapate kazi, mtu mwenye mkataba na ahadi atarudi, na atasikilizwa.

Nasi tujifunze nini?

Tuliuliza: mbona watu waliogombana na parke walisimama upande wake? Sasa twaweza kujibu. Hawakusimama upande wa mpaka, wala upande wa wanyama peke yao. Walisimama upande wa maji ambayo jamaa zao hunywa na kula. Mpaka uliowaumiza ulikuwa pia ukuta wa ziwa. Nao walikuwa na akili ya kuona mambo hayo mawili kwa pamoja.

Jambo la pili ni hili. Mwaka 1889 hawakuulizwa. Mwaka 1925, 1929 na 1935 hawakuulizwa. Mwaka 2006 hawakuulizwa. Lakini safari hii hawakungoja kuulizwa, walijibu wenyewe. Mwaka ule ule wa 2015 kampuni ilipoondoka, Papa Fransisko alitoa barua yake Laudato si', na humo alifundisha kwamba kazi kubwa isianze kabla ya kupima madhara yake waziwazi, na kwamba wenyeji wapewe nafasi ya pekee katika mazungumzo, maana wao ndio watakaobaki pale na watoto wao. Alipofika Kinshasa mwaka 2023, aliwaambia wenye nguvu waondoe mikono yao juu ya Kongo na Afrika, kwa maana Afrika si mgodi wa kunyang'anywa. Watu wa Ziwa Edouard walikuwa wamekwisha kuyafahamu mambo hayo kwa njia yao.

Basi, ndugu wapenzi, katika parokia zetu yako machimbo, mabomba, mashamba makubwa na viwanda vinavyokuja. Vingine vyafaa, vingine havifai. Hatuvihukumu vyote kwa neno moja. Lakini mtu akija na mkataba, tusiwe na haya kuuliza, kwa adabu na mbele ya wote: Maji yatakwenda wapi? Kazi ni ngapi, na za miaka mingapi? Bomba likipasuka nani atalipa, na ameandika wapi? Waliokwisha kupata kitu kama hicho wanasema nini leo? Majibu yaandikwe, yasomwe kwa lugha yetu, tena yahifadhiwe na watu zaidi ya mmoja.

Nanyi mama zetu mwendao sokoni, mna neno lenu pia. Samaki mdogo kuliko kiganja msimnunue, hata akiwa wa bei rahisi. Asiyenunuliwa hatavuliwa.

Yule mzee, tulipomsomea maandishi haya kabla ya kuyapeleka, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: «Vema, Mwalimu. Sasa yasome tena, vijana wakiwapo.» Nasi twawaomba ninyi mfanye hivyo hivyo.